Papai la Baba Mkwe

Kwetu Kaisho hakuna aliyewahi kuelewa nilikuwa nafanya kazi gani Marekani, na mimi nilichoka kueleza. Nilikwenda huko kusoma nikiwa kijana mrefu, mwembamba. Kocha wa chuo akanitazama mabega, akaniuliza kama napenda kula. Nikasema napenda. Basi, ajira ikaanzia hapo. Wakanilisha mpaka nikawa na ukubwa wa kabati la nguo, wakanivalisha helmeti, nikacheza futiboli ya Kimarekani kwa mshahara mpaka goti la kulia lilipokataa.

Sasa mwelezee mtu wa Kaisho. Mpira wenyewe una umbo la papai. Haupigwi kwa mguu, unabebwa. Mama aliniuliza kwa simu nimefunga magoli mangapi, nikamwambia sijawahi kufunga hata moja, mimi niko upande wa kuzuia.

"Unazuia nini?"

"Namzuia mwenye mpira asipite. Akitaka kupita namwangusha."

"Yaani mtu ana safari zake, wewe unamwangusha?"

"Ndiyo mama."

"Na wanakulipa?"

Jumapili ile akaniombea kanisani, kwa jina, mbele ya watu wote, kama wanavyoombewa walevi.

Niliporudi nyumbani moja kwa moja, goti lilikuwa linanisumbua, nikaenda kliniki Nyakahanga. Nesi aliyenipokea alinitazama, akatazama kitanda, akasema, "Kaka, wewe kaa kwenye benchi. Hiki kitanda bado tunakihitaji." Nilimpenda palepale, sioni aibu kusema. Nilirudi kuonyesha goti hata siku ambazo haliumi, na yeye alijua haliumi.

Nilipomwambia nataka kumuoa, alikuwa ananikunja mguu. Hakuacha kukunja.

"Mimi ni mtoto wa pekee," akasema. "Mama alifariki nikiwa sekondari, tumemzika shambani nyuma ya nyumba. Nimebaki na baba. Baba akikukataa, nitalia, lakini sitaolewa na wewe. Nakwambia mapema."

Nilitafuta la kumchekesha. Nimelelewa na bibi, na bibi alishika mila za zamani: mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Ukikutana naye njiani unafunika kichwa na kuingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wamesalimu amri, wanapiga naye picha kabisa, lakini mimi bibi alinifundisha kwa fimbo. Nikasema, "Angalau mimi sitapata shida ya kujificha." Hakucheka. Nikajiona mjinga kweli.

Tukapeleka posa kwao Bugene. Mshenga alikuwa baba mdogo, mtu anayependa sifa kuliko chakula, tukaongozana na shangazi. Mchumba haongei siku hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuinamisha kichwa na kutovunja kiti. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mfupi, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote. Akatuzungushia kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Tukatafuna, tukasifu mvua. Kisha akauliza kijana anafanya kazi gani.

Baba mdogo alikuwa anasubiri swali hilo tangu tunatoka nyumbani. Akachomoa simu.

"Mzee mwenzangu, mimi sitaki maneno mengi. Jionee mwenyewe."

Mawe, mama yangu! Ilikuwa ile video ambayo mashabiki walinitengenezea, ya watu wote niliowahi kuwaangusha, mmoja baada ya mwingine, na muziki juu yake. Nilitaka kumkanyaga baba mdogo mguu lakini alikaa mbali. Mzee akavaa miwani. Akaisogeza simu karibu na uso. Shangazi akachungulia, akafunika macho.

"Huyu hapa," mzee akauliza, "alimkosea nini?"

"Hakumkosea kitu!" baba mdogo akajibu kwa fahari.

"Hakumkosea kitu. Na huyu?"

"Wala huyo hamjui!"

"Mbona sasa anacheza ngoma?"

Kweli nilikuwa nacheza. Nilikuwa na kangoma kangu ka kushangilia, nikishamlaza mtu natikisa mabega. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele. Pale Bugene kulikuwa na sauti ya kuku tu.

Mzee akavua miwani. "Wazee wangu, nimewasikia. Mwanangu ni mmoja. Siwezi kumpeleka kwa mtu anayemlaza asiyemkosea halafu akafurahi."

Baba mdogo akairudisha simu mfukoni. Kwenye mlango wa jiko nesi wangu alikuwa amesimama na sinia, uso umemshuka. Mimi mila imenifunga mdomo. Nilikaa pale machozi yananilenga, jitu zima.

Nadhani mzee aliniona. Akainuka. "Ila mimi sihukumu mtu kwa simu. Twende nje."

Akatuongoza nyuma ya jiko, kwenye uwanja uliofagiliwa, akachuma papai mtini.

"Simama pale, migomba iwe mgongoni kwako. Mimi nakuja na hili. Nikiingia migombani nimekushinda. Fanya kazi yako."

"Mzee, atakuua!" baba mdogo akapiga kelele.

"Ndicho ninachotaka kujua, kabla sijampa mtoto."

Jamani, nimekabiliana na wanaume wenye shingo kama magogo, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Nikimgusa, nimempiga baba mkwe siku ya posa. Nikimwachia apite, atasema namdharau, au kwamba hata kazi yenyewe ni uongo. Nikaweka mikono nyuma, nikajiambia nitamzuia kwa miguu tu, nisimguse hata koti.

Akaja. Papai kwapani, koti bado limefungwa. Kocha wangu alikuwa anasema usimtazame mtu machoni, mtazame kiuno, kwa sababu kiuno hakidanganyi. Kocha hajafika Bugene. Kiuno cha yule mzee kilikwenda kushoto, yeye akaenda kulia, mimi nikateleza karibu niangukie mti wa kahawa. Nikamuwahi. Akarudi nyuma, akaja tena, nikamfungia njia tena, mikono nyuma, goti linalia. Shangazi akasahau alikuja na nani, akaanza kumpigia mzee vigelegele. Kila alikotaka kupita alinikuta, na sikumgusa.

Akasimama mbele yangu, anahema. Akainua macho juu ya bega langu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama mkwe wako huyo, nyuma yako."

Sikufikiri. Najua mtasema alishafariki, lakini fimbo ya bibi haikunifundisha kufikiri. Nilivuta koti langu nikafunika kichwa, nikatimua mbio migombani nikiwa sioni kitu, jitu la ukubwa wangu, mpaka goti lile bovu likagonga kitu kigumu nikaenda chini mzima mzima. Nyuma nikamsikia mzee: "Nimepita! Nimepita!"

Nilifunua koti kidogo. Niliona saruji, na msalaba mweupe, na ua limepandwa kichwani. Nilikuwa nimemkimbia mama mkwe mpaka kwenye kaburi lake.

Nikajua yamekwisha, nimefanya mzaha na marehemu wao. Nikalifunika tena koti, nikabaki nimelala vilevile.

Mzee alikuja anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini karibu nami. Kisha kicheko kikabadilika, nikasikia anapenga kamasi.

"Alikuwa na huyu binti mmoja tu," akasema. "Kila tukitoka kwenye harusi za watu ananiambia, hata mimi siku moja kuna dume litanikimbia mpaka lianguke. Halafu akafa. Nikajua hilo ndilo limempita."

Akafuta pua kwa mkono wa koti.

"Nawe umekimbia vizuri sana," akasema.

Kisha akapiga saruji kwa kiganja, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

"Mama," akasema, "huyu hapa. Ni mkubwa mno, lakini anakuogopa."

Akamwita binti yake alete kisu. Alikuja mbio, kanga usoni, sikujua kama analia au anacheka. Mzee akalikata papai vipande, tukala palepale shambani, mimi nimegeuka, nimempa mama mkwe wangu mgongo kama inavyotakiwa.