Upepo Uliokula Mazuti

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi katika karakana kubwa ya vyuma hapa Lubumbashi. Tulitengeneza milango, vitanda na matangi ya maji. Kazi yangu ilikuwa kutunza kompresa, ile mashine inayosukuma upepo kwenye mabomba ili vifaa vya mafundi vizunguke na rangi ipulizwe, na ambayo hujizima tangi lake likijaa. Umeme wa mjini ulikatika mara kwa mara, hivyo siku nyingi tuliishi kwa jenereta ya mazuti, yaani dizeli, na moshi wake ulikuwa umeupaka ukuta wa jirani weusi.

Nilijiona mtu makini. Kila asubuhi niliandika nguvu ya upepo katika daftari. Vifaa vilipolegea, nilizungusha kitufe nikaongeza. Vilipolegea tena, nikaongeza tena. Wenzangu walinipenda kwa hilo, maana tulikuwa na desturi yetu: kabla ya kwenda nyumbani, kila mtu alishika mpira wa kompresa akajipuliza vumbi la chuma, kuanzia kofia hadi viatu. Tuliita kuoga upepo. (Usijaribu, mwanangu, ni hatari kwa macho.) Mwezi wa kumi, joto lilipozidi, wengine waliacha mpira wazi chini ya meza siku nzima uwapoze miguu. Waliniita Mukubwa wa Mupepo, nami nilifurahi.

Kisha bosi akaleta tanuru la umeme la kukaushia rangi. Jenereta haikuweza kubeba tanuru na kompresa kwa pamoja, ilikohoa, ikazimika. Bosi akatuita, akasema kwamba kama mwezi utaisha bila tanuru kuwaka, atafunga idara ya rangi na kazi hiyo itapelekwa kwingine. Katika idara hiyo alikuwamo yaya Georgette, ndivyo nilivyomwita dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nilikwenda kwa bosi na ushauri wangu mmoja: anunue jenereta ya pili. Aliendelea kusoma barua zake.

Mzee Kalenga, fundi umeme aliyekaribia kustaafu, alikuwa amenisikia. Aliningoja mlangoni.

"Jumapili, misa ikiisha, ukuje hapa," alisema. "Daftari uache kwenu."

Nilikuja. Karakana ilikuwa tupu. Mzee aliwasha jenereta iliyokuwa nje nyuma ya ukuta, akawasha kompresa, akafunga mlango, akanisimamisha kati ya meza za kazi.

"Banani beko natumika humu leo?" aliuliza, akitaka nimtajie wanaofanya kazi humo.

"Akuna muntu, papa."

"Sasa mashini iko natumikia nani?"

Niligeuka kuitazama kompresa. Akaweka kidole mdomoni. Ndipo nikasikia. Kwanza mluzi mmoja, juu ya dirisha. Halafu mwingine, kwenye kona ya idara ya rangi. Halafu kila mahali: kwenye maungio ya mabomba, chini ya meza, ndani ya kuta. Jengo lote lilikuwa linapumua. Nywele zilinisimama. Miaka miwili nilikuwa nimepita humo kila siku, na kelele za kazi zilinificha jambo hilo. Mashine ilikuwa inahema kwa nguvu zake zote, bila mtu hata mmoja kufanya kazi.

"Lakini papa, mupepo iko ya bule," nilisema, ili nijitetee.

"Mupepo ya inje, ndiyo, iko ya bule. Hii iko nakula mazuti." Akanipa brashi na kopo la maji ya sabuni. "Na weye, Mukubwa wa Mupepo, kila ukizungusha kile kitufe, unafungulia matundu mulango."

Nilipaka povu kwenye kila ungio. Palipovuja, povu lilichemka kama maji ya bukari, ugali wetu, nami nikaweka alama ya chaki. Kufikia mchana mabomba yalikuwa na chaki nyingi hata niliona aibu kuyatazama. Tulikaza, tukabadilisha mipira, tukaziba. Ilituchukua Jumapili tatu.

Jumapili ya tatu, umeme wa mjini ukiwapo na jenereta imezimwa, yaya Georgette alitoka kanisani akatuletea bukari na samaki.

"Ee, Mukubwa, leo uko naosha mabomba? Sahani za kwetu zinakungojea," alinicheka.

Kabla sijamjibu, kompresa ilinyamaza. Yenyewe. Tulisubiri iwake tena. Haikuwaka.

Yaya akashtuka. "Imekufa?"

"Apana," alisema mzee Kalenga. "Imeshiba."

Katika ukimya ule, kupitia mabati, tukasikia kwaya ya mtaa wa pili ikiimba. Ilikuwa imeimba pale Jumapili zote tatu, na sisi hatukuwahi kuisikia. Nimeona mambo makubwa tangu siku ile, lakini hakuna lililonifanya nijione mdogo kama ukimya wa mashine iliyotosheka.

Jumatatu nilirudisha kitufe chini. Jenereta ikabeba tanuru na kompresa pamoja. Yaya Georgette alipaka milango hadi alipoamua mwenyewe kuacha kazi.

Baadaye nilinunua vitabu vya zamani barabarani, nikajisomea. Nikaelewa kwamba mazuti yakishachomwa hayapotei. Yanakuwa hewa ya ukaa inayobaki juu yetu na kuongeza joto la dunia. Sisi tuliyachoma kwa ajili ya miluzi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe utakayepewa mashine kubwa kuliko zangu: kabla ya kuomba nguvu zaidi, tafuta nguvu unayoimwaga. Simama ndani ya kiwanda siku ambayo hakuna anayefanya kazi, uulize kila kinachozunguka kinamtumikia nani. Kisichomtumikia mtu, kizime. Kinachovuja, kizibe. Wala usione aibu kushika brashi na sabuni.

Mungu akupe sikio la mzee Kalenga, akulinde mikono na macho, na kila siku ya kazi akujalie dakika moja ya ukimya, uisikie kwaya.