Mwaka Ambao Baba Alikonda

Gari letu lilinuka petroli, majani makavu ya migomba na kinyesi cha kuku, na mpaka leo harufu hizo tatu zikinikuta mahali pamoja, jambo ambalo kwa bahati halitokei mara nyingi, moyo wangu unaruka. Lilikuwa gari la milango miwili, la chini, lenye pua ndefu, la aina ambayo vijana wenye nafasi walinunua zamani ili waonekane. Mwenyewe hasa alikuwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa Bukoba mjini, na baba yangu, Fundi Elia, ndiye aliyelitengeneza katika gereji yake mtaa wa Bakoba. Vita vilipoanza na watu wa mjini wakakimbia na vyombo vyao vichwani, yule mzee alimwachia baba funguo. Magari ya raia yalikuwa yakichukuliwa kwenda kusaidia vita, kwa hiyo baba alilileta nyumbani Kaagya, akalisukuma mpaka katikati ya kibanja, shamba letu la migomba, akalifunika majani makavu hadi likaonekana lundo la matandazo kama mengine. Kuku wetu mmoja hakudanganyika. Aliingia kwa dirisha, akataga kwenye kiti cha nyuma, akaangua mara mbili kabla vita havijaisha. Mzee aliporudi, akiwa ameshaamua kuwafuata wanawe ng'ambo, alichungulia ndani, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Fundi, hili sasa ni lako na kuku wako." Tangu siku hiyo gari likaitwa Enkoko, yaani kuku kwa Kihaya chetu, na baba hakuona aibu hata kidogo.

Kule Muleba, juu kwenye rweya, ile mbuga ya majani isiyoota mgomba wala mbuni, kulikuwa na kiwanja kilichosawazishwa wakati wa vita ili ndege ndogo zitue, na vita vilipokwisha hakuna aliyekihitaji tena isipokuwa ng'ombe. Baba na wenzake wachache wenye wazimu wa magari wakakiteka. Kila mwezi, Jumamosi moja (Jumapili isingewezekana, sisi ni Walutheri na mama asingekubali hata kwa mtutu), walikusanyika pale na kila walichokuwa nacho: pikapu za kubebea kahawa, gari la daktari mmoja wa misheni, na kigari chekundu cha Firoz, mwenye duka la vipuri mjini, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki. Walipanga mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha njia, wakaenda mmoja mmoja, mizunguko mitatu tu kwa sababu petroli ilikuwa ya shida. Mwalimu Yona, aliyenifundisha hesabu darasa la nne, alishika saa mkono mmoja na kengele ya shule mkono mwingine, kisha akaandika muda wa kila mtu kwa chaki kwenye ubao. Zawadi haikuwepo. Aliyekuwa juu ubaoni alikaa juu mpaka mwezi unaofuata, basi, na kwa hilo watu wazima walikosa usingizi.

Firoz ndiye aliyekaa juu. Alikuwa mwembamba kama kijiti cha mwamvuli, na baba, jamani, baba alikuwa mtu wa haja. Tumbo lake lilifika mahali kabla yake. Mwezi mmoja, baada ya Enkoko kushindwa tena kwa sekunde chache, Firoz alimpiga baba begani akasema mbele ya watu wote, "Bwana Fundi, gari lako halina kasoro hata moja. Shida ni hayo magunia ya kahawa uliyofunga kiunoni." Watu wakavunjika mbavu. Baba naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Lakini njiani kurudi hakuimba hata wimbo mmoja kutoka Muleba mpaka tunaingia Kaagya, na mimi niliyezoea kuimbiwa njia nzima nilidhani kichwa kinamuuma.

Sasa ni lazima nieleze miaka ile ilikuwaje, maana aliyezaliwa baadaye anaweza kudhani kukonda ni jambo la kukonda tu. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwetu kabla hata haujapata jina la kitabuni. Watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyovushwa kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa wafanyabiashara waliovivaa ndio walioanza kuondoka. Kisha wakaanza kuondoka wasiovivaa. Ilifika mahali Kaagya hatukuulizana kama kuna msiba; tuliulizana ni wa nani. Ulijua mtu ameshikwa kwa kumtazama shingo na mikono ya shati. Mtu aliyenenepa alisalimiwa kwa furaha ya kweli. Na mtu aliyeanza kukonda hakuulizwa kitu: watu walimsalimia kwa upole uliozidi, wakampisha njiani, na mtoto akiropoka "mbona umekonda" alipigwa kofi lisilo na maelezo. Huo ndio ulikuwa ustaarabu wetu. Tuliuona kuwa heshima.

Basi baba yangu akaanza kukonda. Kwanza mashavu, kisha shingo, kisha nikamwona siku moja kibarazani akitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, na wiki chache baadaye tundu jingine. Koti la suti aliyoolea likawa linamning'inia, akamwita baba mdogo akampa, akisema, "Chukua, mimi halitanifaa tena." Kiti cha nyuma cha Enkoko alikifungua akampelekea shangazi yangu Ma Paulina kule Rubafu akalie sebuleni. Zulia la sakafuni akampa bibi. Hata gurudumu la akiba alimgawia jirani. Kila alichokitoa, yule aliyepokea alipokea kwa mikono miwili na macho chini, bila utani wowote, na mimi nilielewa vizuri kabisa maana yake. Kwetu mtu haanzi kugawa vitu vyake hivi hivi. Anayegawa anajua.

Ningekuwa sijui chochote ningeumia kidogo, lakini mimi nilikuwa nachungulia kila mahali, ndiyo tabia yangu. Jioni moja nilimwona baba nyuma ya jiko akifungua jani la mgomba alilofichia chakula chake chote cha usiku, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage aliyopakuliwa na mama kwa upendo, akimrushia mbwa wetu Simba. Kwa hiyo hawezi tena kula, nikajisemea, na hataki mama ajue. Na kule gereji, nyuma ya mlango, nikakuta namba zimeandikwa kwa chaki zikishuka: 104, 101, 99, 95. Nilijua ni kilo, kwa sababu kila Ijumaa alipita kwenye ghala la kahawa akapanda juu ya mizani ya magunia, na karani wa ghala alinong'ona habari hiyo kwa kila mtu. Niliona baba anajihesabia siku zake. Sikumwambia mama. Mama naye hakuniambia alichokijua. Alimpakulia chakula kingi zaidi kila siku, na kila siku sahani ilirudi tupu, na kila siku mtu alizidi kukonda, na Simba alinenepa mpaka akashindwa kufukuza mbuzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama yule mbwa akafikiri. Nikikumbuka hilo najichukia na kucheka papo hapo.

Kilichonivunja ni siku shangazi alipokuja kutoka Rubafu na mashuka mawili mapya, akakaa na mama jikoni baba akiwa kazini. Nilikuwa nje ya ukuta nikimenya ndizi. "Waitu, mwenzangu, tuzungumze kama watu wazima," shangazi alisema. "Kokugonza nitamchukua mimi, ni msichana, atanisaidia. Danieli aende kwa baba yake mdogo Muleba. Wewe mwenyewe hatujui utakuwa na nguvu kiasi gani." Kokugonza ni mimi. Danieli ni mdogo wangu, alikuwa na miaka sita na hakuwahi kulala bila kushika sikio langu. Nilingoja mama aseme hapana, apige kelele, amfukuze. Mama akasema tu, "Angalau wangekaa pamoja." Nilijikata kidole kwa kisu na sikusikia maumivu. Siku hizo zote nilikuwa nikiogopa baba atakufa. Siku hiyo nilijifunza kwamba atakapokufa, na nyumba nayo itakufa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mbio, na mama, ambaye hakuwahi hata mara moja kwenda kutazama "watu wazima wakizunguka mawe," alivaa kitenge chake kizuri, akafunga ebitoke na samaki kwenye majani, akatangaza anakwenda. Baba alishangaa akafurahi kama bwana harusi. Mimi nilijua kwa nini anakwenda. Alitaka awe ameona mara moja. Tulisafiri mama akiwa mbele, mimi na Danieli nyuma, mahali palipokuwa na kiti, tumekalia gunia la majani makavu, na kila shimo la barabara lilitufikia bila kupungua. Kule rweya upepo ulikuwa mkali, watu wakamsalimia baba kwa ule upole mbaya ninaousema, na hata Firoz hakumtania. Baba hakuona lolote. Alitushusha, akatoa gunia, akatoa jeki, akatoa hata mfuniko wa kisanduku cha mbele, akavua viatu. Viatu! Akaingia peku.

Mwalimu Yona akapiga kengele. Enkoko ilitoka na mngurumo ambao sijausikia tena popote, vumbi jekundu likapanda, na kwenye kona ya kwanza gurudumu moja la ndani liliinuka kidogo, likarudi chini. Mama alinishika mkono akaminya. Mzunguko wa pili baba alipita karibu na mawe kiasi kwamba chokaa ilibaki ubavuni mwa gari. Wa tatu sikuuona vizuri kwa sababu nilikuwa nalia, nikiwaza kwamba mtu anayekufa anawezaje kuendesha hivyo. Kengele ikalia. Mwalimu akatazama saa, akaitazama tena, akafuta jina la Firoz juu ya ubao, akaandika ELIA.

Firoz ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia. Alisahau upole wote, akamkumbatia, akamzungushia mikono kiunoni, mikono ikakutana. "Fundi! Magunia yako wapi?" Na baba, akiwa peku, vumbi mpaka kwenye kope, akapaza sauti kama mtoto aliyefaulu mtihani: "Nimeyashusha! Kilo kumi na sita! Kamuulize karani wa mizani! Miezi minne sijala chakula cha usiku, anakula mbwa, yote kwa ajili ya zile sekunde zako!"

Mama akasogea taratibu. "Umesemaje, Baba Koku?" Baba akaona ameharibu, akadhani kosa lake ni chakula. Akaanza kujitetea: kwamba alijua atamuudhi akikataa sahani yake, kwamba kiti na zulia vilikuwa uzito wa bure, kwamba koti angelishona jingine. Mama alikaa chini kwenye majani, miguu imenyooshwa, vile wanawake wetu wanavyokaa msibani, akalia kilio chenye sauti kamili. Kisha akainuka, akafungua kilemba chake, akamchapa nacho baba mgongoni, begani, kichwani. "Nimekuzika! Mimi nimeshakuzika, Elia! Watoto wako wameshagawanywa!" Ndipo baba alipoelewa. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakainamisha macho. "Hata mimi, Fundi," Mwalimu Yona akasema. "Nilishakuombea kanisani bila kutaja jina." Baba aliketi juu ya tairi. "Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza?" Kisha mama akafungua majani ya mgomba, akamwekea ebitoke na samaki mapajani, akasimama juu yake na kilemba mkononi, na baba akala vyote, mbele ya umati, mpaka miiba. Sijawahi kuona kitu kizuri kama baba yangu akitafuna. Nilimbeba Danieli mgongoni nikakimbia naye njia nzima ya mawe meupe, mizunguko mitatu, hakuna aliyetushikia saa.

Alinenepa tena, Mungu asifiwe, na Firoz akarudi juu ya ubao. Simba alinuna mwezi mzima. Kiti cha nyuma kilibaki Rubafu; shangazi alisema hakirudishi, kiwe fidia ya msiba uliomtia hofu kiasi kile bure. Lakini jambo moja lilibadilika kabisa: baba akawa mtu wa kuuliza. Mwaka uliofuata Mwalimu Yona alipoanza kupungua, watu wakaanza upole wao, baba alikwenda kwake mchana kweupe, akakaa, akamuuliza, "Mwalimu, ni mbio au ni ugonjwa?" Mwalimu akasema ni ugonjwa. Baba akawa anampitia kila mwezi na Enkoko, akampeleka rweya, akamweka kwenye kiti na kumkabidhi kengele, mpaka Jumamosi ile Mwalimu aliposhindwa kuinyanyua, akaniachia mimi niipige.

Siku hizi dawa zipo, na mtaani kwangu watu wanalipia kukonda. Jirani yangu huniita nimtazame kiuno chake, nami humpongeza kwa sauti isiyotulia sana. Baba ana miaka zaidi ya themanini. Enkoko imerudi chini ya majani makavu na kuku wengine wanataga humo. Ninapofika Kaagya hunichukua dakika moja kushuka kwenye gari, na baba anajua ninachokitazama kiunoni mwake kabla ya kusalimia. Husimama kibarazani, akainua shati, akavuta ncha ya mkanda nione. "Tundu la kwanza, Koku," husema. "Njoo ndani tule."