Mlio wa Kupokea Kadi

Perez, fundi wa redio na kompyuta mjini Thika, hakuwa na subira na wateja wanaoeleza. Mwaka wa tisini na saba, Khamisa, mjane kutoka Ruiru, alimletea laptop kuukuu ya marehemu mumewe, Faki. Alipofungua tu mdomo, Perez akamkatiza.

"Wacha maneno, mama. Mashine itajisema yenyewe."

Ubavuni mwake, ndani ya tundu, mlikuwa na kadi ya modemu, ya kuiunganisha na laini ya simu. Kadi ikiingia sawasawa, laptop kama hiyo hulia ti-tii. Perez akaichomoa, akapuliza vumbi, akairudisha. Kimya. Akaijaribu kadi ile kwa laptop yake mwenyewe, ikapokelewa mara moja.

"Basi tundu limekufa," akafoka. Akaiweka kadi mezani, akachomoa waya wa umeme wa laptop ya Khamisa, akaing'oa betri. "Hii hailii tena, mama. Umenipotezea wakati bure."

Ti-tii.

Perez akachungulia tundu. Lilikuwa tupu. Betri ilikuwa bado mkononi mwake.

Khamisa akasogea kando kwenye benchi alilokalia, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Hicho ndicho nilitaka kukueleza," akasema. "Hulia hivyo Faki akifika."