Galaksi ndogo zilizogusana zilivyonipotezea mwenzangu wa masomo

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Ninachosimulia ni kweli tupu, na bado kinaniuma.

Mimi Mbongo, nasoma astronomia hapa Durban, nimepanga chumba Glenwood. Project nilifanya na Mamie, Mkongomani wa mtaa wa Albert Park, kichwa kuliko mimi.

Tulichunguza galaksi ndogo ndogo, wataalamu wanaziita dwarf galaxies. Swali letu: zikikaribiana, zinazaa nyota nyingi kuliko zile zilizo peke yake?

Mamie aliamini kabisa. Zina gesi nyingi, alisema, zikivutana gesi inasongamana, na hapo ndipo nyota mpya zinazaliwa.

Sasa, kwenye fani yetu hupimi kabla ya kusafisha data. Galaksi ambayo mwanga wake umeingiliana na wa jirani unaitupa, maana hujui upi ni wa nani. Ni kama kuchambua mchele, hakuna anayejadili. Hata msimamizi wetu aliafiki.

Majibu yakaja: hakuna tofauti.

Mamie alikuwa amegombana na nduguze wote kwa ajili ya hiyo degree. Akaniambia, "Kaka, miye nachoka. Hii kitu haiko." Akaacha chuo, akaenda kusuka nywele saluni kwa shangazi yake.

Miezi ikapita. Siku moja nikafungua picha tulizotupa, natafuta tu ya kupambia slides.

Eish.

Galaksi mbili zimekumbatiana, na zinapogusana pamejaa madoa ya bluu. Bluu ndiyo nyota changa. Nikafungua nyingine, vilevile. Zilizokaribiana kwelikweli ndizo tulizozitupa, tukabaki kupima zilizoachana mbali.

Nikapanda taxi na laptop yangu hadi saluni. Mamie aliangalia kwa muda, kitana mkononi.

"Iko muzuri," akasema. "Miye nilijua." Kisha akamrudia mteja wake.

Wakuu, niliumia. Nilitaka hata anitukane.

Nimepima upya, safari hii nikitenganisha mwanga badala ya kutupa. Alikuwa sahihi. Jina lake nimeliweka la kwanza kwenye paper, amekubali kwa sharti nisimletee tena habari za nyota.

Funzo nililopata: kinachokusumbua kupima, kitazame kwanza kwa macho kabla hujakitupa.

Kama kuna aliyewahi kumrudisha mtu aliyekwishakata tamaa, aniambie alisema nini. Mimi maneno yameniishia.