Taa za Matenki ya Newala

"Baba Zaituni, taa zako zinasema matenki yote yana maji. Mbona mabomba yanatoa upepo?" Mama Somoe aliniuliza hivyo pale bombani mbele ya kina mama wote, na mwanawe anatoka unyagoni kesho yake, wageni wanataka ubwabwa.

Ubao ule wa taa niliutengeneza mimi, niliyeishia darasa la saba na kunyang'anywa vidole viwili na umeme. Kila tenki lina mstari wake wa taa. Likijaa, mstari wote unawaka. Ndani ya chipu inayoziongoza, kila taa ni biti moja, sifuri au moja, yaani imezimwa au imewashwa. Nilipojaribu, mistari ilisimama badala ya kulala, maana shemeji yangu Selemani, fundi nyaya, aliunga nyaya za mlalo mahali pa za wima. Kumwambia kungetosha, lakini nilitaka nimwonyeshe ufundi wangu. Nikaandika kwa asembli, lugha ya kuiamuru chipu yenyewe moja kwa moja, nikahamisha biti moja moja, za wima zikawa za mlalo, kwa amri chache tu. Mwenye cheti angejaza ukurasa. Nikatembea mjini kifua mbele.

Kumbe Selemani naye aliliona kosa lake, akageuza nyaya kimya kimya. Masahihisho mawili yakalirudisha kosa palepale: mstari wa tenki moja lililojaa ukasimama tena, ukawasha taa moja kwa kila tenki, ikaonekana kama yote yana maji kidogo, kina mama wakapanga ndoo kwenye mabomba makavu.

"Shemeji, chipu yako imelewa," Selemani akasema, akaondoka akicheka.

Programu yangu ilikuwa sahihi, na hata leo nasema hivyo. Selemani, njoo pale bombani umjibu Mama Somoe: nani alikutuma uguse nyaya bila kuniambia?