Vitwitwi Watatu wa Uongo

Jumamosi iliyopita mdogo wangu wa kiume, aliyebaki kijijini kwetu juu Usambara, alinitumia sauti kwenye simu. "Shikamoo dada. Mbegu za maharage ninazo tayari, debe zima. Simu inasema mvua kesho, mbingu inasema sikujui. Hebu niambie wewe, yule ndege kitwitwi kashapita huko kwenu? Ukisema kapita, mimi napanda." Akacheka. Lakini namjua tangu akiwa mgongoni kwangu. Akicheka mwisho wa swali, ujue swali lenyewe analitakia jibu.

Basi nikachemsha magimbi, nikayatia kwenye kopo, nikavaa koti zito. Magimbi nanunua hapa Kenton, London, kwa Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu, ambaye kila nikiingia dukani hunisalimu, "Mama, magoti yanasemaje?" Yanasema mengi, ila siku za kwenda bwawani kutazama ndege huwa siyasikilizi. Nikamchukua na mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na tatu, mzaliwa wa huku, tunaishi nyumba moja na mama yake. Kiswahili anakielewa chote, sema anajibu kwa Kiingereza. Alikuja kwa sababu mama yake alimnyang'anya simu. Sitakuficha.

Bwawa lenyewe ni mabasi mawili kutoka kwangu. Majani yanapoanza kuwa mekundu, ndege wa kaskazini hushuka pale kupumzika wakiwa safarini kwenda Afrika, na huwezi kujua utakuta nini. Unakwenda kutafuta bata, unapewa mwewe. Unakaa saa nzima huoni kitu, unafungua kopo ule, mara mdiria huyo, buluu tupu, amekatiza mbele ya mdomo wako na gimbi limekudondoka. Wazee wa Kizungu wanasimama pale na darubini za miguu mitatu. Mmoja mwenye kofia ya sufu hunimiminia chai ya flaski yake, chai haina sukari, masikini, lakini moyo anao.

Kitwitwi ni kindege kidogo, mgongo kahawia, tumbo jeupe. Hutembea kwenye mawe ukingoni huku akitikisa mkia bila kupumzika, kama mtu aliyekumbuka kichekesho msibani. Siku ile hatukumwona. Tulikaa mpaka vidole vikafa ganzi.

Mjukuu wangu akaniambia kwa Kiingereza chake, "Bibi, si umwambie tu babu wa Usambara kwamba tumemwona? Atajuaje?"

Nikaweka kopo chini. Maneno yale nilishawahi kuyasikia, tena kichwani mwangu mwenyewe, nikiwa na miaka minane. Nikamwambia kaa hapa.

Ngoja nikueleze na wewe. Juu ya kijiji chetu kulikuwa na bwawa lililochimbwa na wenye mashamba ya chai. Bibi aliyenilea hakupanda maharage ya vuli mpaka vitwitwi wafike pale. Alisema ndege hana kalenda ukutani, kwa hiyo lazima mtu akamtazame. Mtu huyo nilikuwa mimi. Shule niliishia darasa la pili, ila kazi ile niliihitimu. Kila alfajiri nilipanda kilima ndani ya ukungu, gimbi la jana limefungwa kwenye kitambaa, umande unanikata miguu. Harufu ya moshi wa kuni ilinisindikiza mpaka kwenye miti ya misindano, halafu inaniacha peke yangu.

Sasa, siku za gulio jirani yetu alikaanga vitumbua. Ukichelewa unakuta makombo ya kikaangoni. Na gulio likaangukia siku ya baridi kali. Nilifika nusu ya kilima, nikageuka. Nikala vitumbua vitatu vya moto. Kisha nikaenda kwa bibi, mdomo unang'aa mafuta, nikasema, "Nimewaona, bibi. Watatu! Wanatikisa mikia." Unaona? Mwongo hakubali mmoja, lazima atie idadi.

Bibi alipanda siku ile ile, shamba zima, huku akiimba. Mvua haikuja. Mbegu zilivimba kidogo kwa umande, zikaoza, zilizobaki kuku wakafukua. Tukala mchicha na mnavu mpaka nikaogopa rangi ya kijani. Bibi hakuuliza kitu. Ndiyo ilikuwa adhabu yangu, ule ukimya wake akikoroga sufuria lisilo na maharage. Jioni moja nikashindwa, nikasema huku nikiangalia moto, "Bibi, sikuwaona."

Akauliza, "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alikoroga weee. Halafu akasema, "Mjukuu wangu, neno 'bado' halijaozesha mbegu ya mtu." Basi. Hakunichapa. Akaenda kwa yule yule jirani wa vitumbua kuomba mbegu, na alfajiri iliyofuata akapanda kilima pamoja nami, na fimbo yake. Tuligawana gimbi. Siku ya kwanza tukaona korongo, ya pili bata, ya tatu ukungu mtupu. Ya nne ukungu ukainuka kama pazia, na juu ya jiwe huyo, mmoja tu, anatikisa mkia. Bibi alinifinya mkono mpaka ukauma. Tangu pale sikwenda bwawani kwa kutumwa tena. Nilikwenda kwa kutaka.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba simu. Nikadhani anataka michezo yake, kumbe akabonyeza, akasema kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Shikamoo babu. Hatujamwona. Bado. Jumamosi tutaenda tena."

Jibu lilitukuta kwenye basi. "Marahaba mjukuu wangu! Haya, na mimi nasubiri."

Bibi hayupo siku nyingi, jirani wa vitumbua naye kamfuata. Bwawa letu limejaa tope, mdogo wangu anasema vijana wanalima kabichi katikati yake, kimebaki kidimbwi cha kunyweshea mbuzi. Nikiwaza hayo naumia, sisemi uongo, nimeshaacha. Ila debe la mbegu lipo kavu. Na leo asubuhi, nikitoka kufagia, nimekuta buti za mjukuu wangu mlangoni, kazipanga kando ya zangu, na leo ni Ijumaa tu.