Chatu wa Nyumba ya Vioo

Epifania wa Ushirombo hakununua chumvi bila kuionja, wala hakusadiki kwamba mvua imenyesha Kharumwa mpaka aone matope kwenye baiskeli ya aliyetoka huko. Lakini neno la mumewe, Telesphori, aliliamini bila kulipima, hadi mwaka ule wa 1974 chatu wao alipopotea.

Chatu huyo aliingia ghalani siku aliyozaliwa binti yao, Tereza. Kwa desturi ya pale hakuguswa. Alikuwa mkubwa wa ukoo aliyekuja kumwona mtoto. Walimnyunyizia unga wa mtama, wakamwita Maganga, jina la marehemu baba yake Telesphori. Alikaa miezi mitatu. Akatoweka wiki ileile Telesphori alipopata kazi kwenye bustani ya misheni, nyumba ya vioo ambamo Bruda Ansgar alifuga vipepeo, wadudu na nyoka.

"Kaondoka mwenyewe," alisema Telesphori. "Wakubwa hawaagi."

Epifania akawaza. Kama mzee amefukuzwa, nani atamlinda Tereza? Na kama mumewe amedanganya, analala na nani?

Jumapili, baada ya Misa, akaenda nyumba ya vioo kujionea.

"Karibu, Mama Tereza," Bruda Ansgar alimpokea mlangoni. "Usiogope, vipepeo hawaumi."

"Hao nawajua, Bruda. Wanaouma wako wapi?"

Ndani kulikuwa na joto la chungu kilichofunikwa. Maji yalidondoka kwenye majani mapana. Kipepeo wa buluu alitua begani kwa Epifania, naye akamtazama kama anayetazama mgeni asiyetaja kwao, kisha akampukusa. Alipomwona kinyonga alitema mate pembeni kuondoa mkosi. Telesphori alimtangulia na ndoo, akieleza huyu anakula nini, yule anataga wapi. Mtu wa maneno matatu kwa siku, leo amekuwa mhubiri!

Kwenye kizimba cha mwisho akasimama, mgongo wake ukiuziba waya.

"Huyu amelala, mama."

"Nitamsalimu hivyohivyo. Sogea."

Akasogea. Mkia wa chatu ulikuwa na kovu la jembe, pale Epifania alipompitia bila kukusudia wakati akipalilia nyuma ya ghala. Akapiga magoti upande, macho chini, kama mke apasavyo mbele ya baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

Bruda alicheka. Kisha akaona Telesphori amevua kofia, akaacha kucheka.

"Umemleta kwa miguu yake au kwa gunia?" Epifania aliuliza bila kuinuka.

"Nyoka hana miguu."

"Telesphori!"

"Kwa gunia." Alikuwa akiikunja kofia. "Nilimkuta amejizungusha kwenye miguu ya mtoto. Kumuua baba sikuweza. Kumwacha sikuweza."

"Alikuwa anamlinda."

"Au alikuwa anampima kama anamezeka."

Kwa mara ya kwanza Epifania alithubutu kumtazama mzee usoni. Jicho lile halikupepesa, halikumwambia kitu. Akamkumbuka Tereza, urefu wake usiozidi mkono, miguu yake laini iliyonukia maziwa.

Akainuka, akaishika kufuli ya kizimba, akaivuta kwa nguvu. Akaivuta tena, mpaka akaridhika kwamba imefungwa.

"Kaa hapa, baba," alisema polepole. "Mjukuu tutakuletea akishakuwa mnene kukuzidi."